Sweta la Mama Kutoka Gulio la Same

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Same, mwanangu, jua likituchoma utosini, nami binti mwenye hela zangu za kwanza za kuuza tangawizi. Nilikuwa nimeteremka kutoka mlimani na shangazi, dada yake baba, kumtafutia mama sweta. Mama alikuwa na kifua. Tangu ukungu uanze mwaka ule alikuwa hatoki nje asubuhi, na hata kanisani alikuwa ameacha kwenda. Hilo la kanisa ndilo lililoniuma zaidi.

Tukafika kwenye mitumba. Sisi watu wa mlimani, joto la kule chini likitupata, tunasahau kabisa kwetu kukoje. Nikaona blauzi ya waridi, nyepesi, ina shanga zinazometameta kifuani, nikajiambia mama atapendeza kweli. Hela ilitosha nguo moja tu, nami nilikuwa nimeshaishika mkononi.

Shangazi akanivuta. "Wewe, mama yako anaumwa baridi au anaumwa harusi?"

Muuzaji akacheka, mimi nikanuna. Shangazi, ambaye kununa kwangu hakukuwahi kumnyima usingizi, akainama akafukua lile rundo mpaka chini, maana kwa joto lile nani angehangaika na masweta? Akaibuka na moja la bluu iliyokolea, lenye vifungo mbele, halina ua wala nakshi. Akaligeuza ndani nje akakagua mishono, akavuta mikono aone kama inarudi. Halafu akanivika mimi, palepale juani.

"Shangazi, nakufa!"

"Ndivyo ninavyotaka. Jasho likutoke vizuri."

Muuzaji akataja bei ya kututisha. Shangazi akamwuliza kwa upole, tangu asubuhi ni wangapi wameligusa. Bei ikashuka hadi chini ya ile ya blauzi.

Jumapili ile mama alilivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni, akatutangulia kwenye ukungu kwenda kanisani. Aliimba kwa sauti hadi watu wakageuka, nami nikalia kwa furaha. Alilivaa miaka mingi, mpaka alipotutoka. Namkumbuka sana, mwanangu. Hata sasa nautamani mkono ule wa bluu begani kwangu.

Leo wewe unachagua nguo kwenye simu, hujaigusa wala kuigeuza. Sikukatazi, dunia imekwenda. Ila kabla hujatoa hela, jiulize ni nani ataivaa, na asubuhi anakoamka kukoje. Tafuta isiyo na makeke, iliyoshonwa ikashoneka, na usione haya kuomba upunguziwe.

Mungu akujalie kila mara uwe na mtu wa kumnunulia, na akupe miaka mingi ya kumwona akiivaa.