Unasaliaka Wapi?

Lubumbashi, mtu akikutana nawe mara ya kwanza haulizi unafanya kazi gani. Anauliza unasalia wapi. Si udaku. Akishajua kanisa lako anajua kama utakunywa bia yake, kama utakuja kwenye ubatizo wa mtoto wake, na kama itabidi akukimbie usije ukamhubiria. Mimi nilikuwa nikitaja parokia ya mama yangu kule Katuba, mazungumzo yanaendelea. Nilibatizwa pale, kwa hiyo haukuwa uongo wa kumpeleka mtu mahakamani.

Kazi ya redio niliianzia kwenye dirisha la matangazo ya msiba. Familia inakuja na jina la marehemu, mahali pa kilio na saa ya maziko, nami naandika. Karibu kila tangazo lilianza kwa kusema Bwana amemwita mja wake. Hapo ndipo nilipofundishwa uhariri, hata kama hakuna aliyeuita hivyo: uliza jina mara ya pili, soma kwa sauti mbele ya mwenye msiba, usiongeze neno lako. Baadaye nikawa ripota, kisha msomaji wa habari, na sasa ni mhariri. Taarifa ya Kiswahili ya saa sita mchana inapita mikononi mwangu. Ninakata, na waliokatwa wananuna hadi jioni.

Imani yangu iliisha polepole, bila ugomvi. Hakuna padri aliyenikosea. Niligundua tu kwamba ninaimba nyimbo za misa kama mtu anayeimba wimbo wa shule aliyoiacha zamani. Mama aliona. Siku ya kumzika baba sikwenda kukomunika, naye alinitazama, akarudisha macho altareni. Yeye ni Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli, na kwao mtu aliyeacha sakramenti ni kama aliyekufa akiwa anatembea. Hata hivyo hakuniuliza kitu, nami sikumwambia. Tulikubaliana hivyo bila kusema neno: jambo hili ni la ndani ya nyumba.

Kisha lori lilipinduka kwenye barabara ya Mokambo, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mahindi. Mwandishi wetu wa huko alituma ripoti kwa simu, ripoti nzuri, ila aliimaliza kwa kusema mapenzi ya Mungu yametimia. Katikati ya ripoti hiyo hiyo kulikuwa na fundi aliyesema breki zilikuwa mbovu tangu asubuhi, na mwenye lori aliambiwa, akaamuru liondoke. Nilikata mapenzi ya Mungu, nikampandisha fundi juu. Mama mmoja aliyefiwa alisema Mungu ndiye ameamua. Huyo nilimwacha, kwa sababu kile ni kilio chake. Lakini redio haikufiwa, na redio haikuwa imemhoji Mungu.

Jumamosi tuna kipindi ambacho wasikilizaji wanapiga simu kutukosoa, na mhariri anakaa studio kujibu. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mwenye sauti ya mhubiri. Alikuwa amesikia ripoti nzima kwa mwandishi wetu mwenyewe, huko Mokambo.

"Mama journaliste, juu ya nini ulitosha Mungu mu habari?"

Nilimweleza kwa nini nilimtoa, nikamtajia breki. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza lile swali la mji mzima.

"Ni muzuri. Sasa weye, unasaliaka wapi?"

Parokia ya Katuba ilinifika ulimini. Nikaimeza. Nilikuwa nimetoka tu kuwaambia watu kwamba redio hii haisemi jambo isilolijua. Nikasema kwamba nilibatizwa Mkatoliki, kwamba siku hizi siamini, na kwamba ninawaambia ili wajue ni jicho gani lililopanga ile taarifa. Waipime wenyewe, na breki wakamuulize fundi. Mtangazaji mwenzangu akaweka muziki haraka kuliko kawaida. Mkurugenzi alinisubiri mlangoni, akasema ningejibu tu kwamba hayo ni ya binafsi. Nikamkumbusha kwamba sisi tunawauliza wakubwa mambo yao ya binafsi kila wiki. Hakucheka.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuitaka pole. Nilichoogopa ni Katuba. Nyumbani kwa mama redio haizimwi.

Nilimkuta uani akichagua maharage. Hakuinua macho.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote nilijua. Lakini ile ilikuwa ya mu nyumba. Sasa hata bale ba mama ba kuuzisha makala ya kupikia banaijua."

"Aliniuliza, mama."

"Na parokia ilikushinda kusema?"

"Ningebadanganya pale, nani angeamini ile habari ya lori?"

Akatupa kokoto. "Siku ya tatu sala iko hapa kwangu. Ba mama bakikosa kuya, utanieleza weye."

Sala ya jumuiya yao inazunguka nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Nyumba ikirukwa, mtaa wote unajua kuna jambo. Wale wanawake ndio waliomwosha baba alipokuwa hawezi kuinuka, na mama akiumwa ndio wanaolala kwake, si mimi ninayekaa mjini. Kama wangemtenga kwa sababu ya kinywa changu, nisingekuwa na cha kumlipa. Nilimuuliza kama ni afadhali nisionekane siku hiyo. Akasema, "Utakuya, na utapika."

Nilipika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa Pweto, nikapanga viti vya kuazima. Saa ya sala ilifika, viti vikabaki vitupu, na mama akavitazama akiwa amesimama, rozari mkononi. Nilitamani ile simu ya Jumamosi ingekatika. Ndipo kiongozi wao akaingia, akilalamikia vumbi, na wengine nyuma yake. Jirani wa ukuta mmoja hakuja. Mama alihesabu nafasi yake kwa macho, akaanzisha wimbo.

Walipofika kwenye maombi, kila mmoja aliomba kwa sauti yake: mtoto wa mtihani, mume asiye na kazi. Zamu ya mama ilipofika, alisimama.

"Bwana, nakuletea huyu mutoto yangu. Bantu yote balisikia ku redio, haamini tena. Miye naamini, nitaamini na pa nafasi yake. Umuchunge mu kazi."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote, bila kusitasita.

Nilifunga kinywa. Neno moja tu lingetosha kumfurahisha mbele ya wenzake. Sikulisema.

Walipoondoka tukaosha vyombo, yeye akisugua, mimi nikisuuza.

"Hukuitikia," akasema.

"Sikuitikia, mama."

"Nilikuwa nakuangalia kinywa. Ungeitikia, ningejua ulidanganya bantu ku redio."

Akanipa sufuria niikaushe.