Mwangi Aliposema Hanijui

Asubuhi hiyo tulikuwa tunaosha kahawa. Mwangi na mimi tulisimama mferejini, maji yakitufika magotini, tukisukuma buni kwa mbao ndefu. Alikuwa ananicheka kwa sababu niliunguza ugali tena.

"Wekesa, tafuta bibi," aliniambia. "Hiyo chakula yako hata mbwa ya mzungu inakataa."

Mimi nilitoka Bungoma kutafuta kazi. Yeye hakuwa ametoka popote. Boma la babu yake lilikuwa hapo hapo Ruiru, mahali tulipoanika kahawa, kabla serikali haijampa mzungu karatasi ya kusema shamba ni lake. Mwangi alinionyesha mlango wa boma ulikokuwa bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Lakini nilijua amekula kiapo cha siri cha kupigania ardhi. Tulikaa chumba kimoja miaka mitatu. Jambo kama hilo halifichiki.

Gavana alikuwa ametangaza hali ya hatari. Kule Thika Wakikuyu walikuwa wanapakiwa kwenye malori kila siku. Tulisikia, tukaendelea kuosha kahawa.

Saa nne hivi malori mawili ya askari yaliingia shambani.

Tuliamriwa kukaa chini uwanjani, Wakikuyu upande mmoja, sisi wengine upande mwingine. Mwangi alisukumiza kipande chake, kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, chini ya maganda ya kahawa, akaja kukaa karibu nami.

"Sema mimi ni ndugu yako," alisema. Kibukusu, lugha yangu, alikuwa anakijua, si haba.

Nilikubali kwa kichwa.

Askari alipita akiuliza mmoja mmoja. Akafika kwetu.

"Huyu ni nani?"

Nilifungua mdomo. Nikatazama buti zake.

"Nakuuliza wewe. Ukificha mtu, utaenda na yeye."

Mtutu ulinigusa kifuani. Nilikuwa na jibu, neno moja tu. Sikulisema.

Mwangi akasimama.

"Huyu simjui," alisema. "Mimi ni Mkikuyu. Nimekuja kukaa hapa kwa hiari yangu."

Alivuka uwanja kwenda kwa wenzake. Hakunitazama. Walipakiwa, malori yakaondoka.

Wiki iliyofuata mzungu alinifanya nyapara, kwa kuwa hakubaki mwingine aliyeijua mashine ya kumenya kahawa. Nilipewa chumba peke yangu. Nilichoka miaka ile kuliko wakati wowote, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imepungua ugumu.

Wambui, mke wa Mwangi, alikuja hali ya hatari ilipokaribia kwisha. Alikuwa amekonda. Nyumba yao ya Gatundu, ukoo ulikohamia baada ya kunyang'anywa boma, ilichomwa, akahamishiwa kijiji cha lazima, akachimbishwa handaki akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikufa. Mwangi naye alikufa kizuizini, kwa homa, wakasema. Wambui hakuonyeshwa kaburi.

Alitaka kujua mume wake alisema nini siku ile. Nilimweleza yote, hata mtutu, hata kunyamaza kwangu. Alisikiliza huku anafunga kitambaa chake upya.

"Alisema hakujui?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe, kama hangesimama, ungesema ni ndugu yako?"

Nilikuwa na miaka mingi ya kulifikiria swali hilo. Ningeweza kusema ndiyo, naye angeenda nyumbani na kitu kidogo cha kumpoza moyo.

"Sijui," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa maji niliyompa kunywa, akaanza safari ya kurudi kwa miguu.