Ukungu wa Puani

Nilitoka Kitale juu ya lori la mahindi. Timboroa tukaingia kwenye ukungu mzito, hata utingo akashuka akatangulia kwa miguu, akimmulikia dereva njia. Niliogopa, lakini harufu ya ukungu ule, majani mabichi na moshi wa kuni, nimeitafuta katika kila mji niliohamia.

Ruiru nilipata kazi kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Vumbi likaniziba pua. Duka la dawa likanipa chupa ya kupuliza puani, niitumie asubuhi tu. Ilinifungua vizuri mno. Nikawa napuliza kila pumzi ikikwama, miezi kwa miezi.

Nilikuwa nikilala mtaa wa Landless, Thika, chumba kimoja na mwenzangu wa kiwandani, mtu wa kwetu. Asubuhi moja, nikipiga mswaki, niliona kwenye kioo utando mweupe kooni, kama maziwa yaliyoganda. Puani mlikuwa na magamba na damu. Mwenzangu alichungulia, akarudi nyuma.

"Ndugu, hiyo naijua. Mjomba alianza hivyo hivyo."

Hakuutaja ugonjwa. Kwetu hautajwi. Jioni nilikuta kikombe changu kimetengwa dirishani.

Usingizi ukanihama. Nilikumbuka kila mji niliopita, na niliyemwacha huko.

Hospitalini daktari, mama wa makamo, alinimulika pua na koo. "Ni ukungu, baba."

"Ukungu? Kama wa Timboroa?"

"Wa mkate uliolala!" Akacheka. "Unatumia dawa gani?"

Nikamtolea chupa.

"Hii ni dawa nzuri. Wengi haiwasumbui. Ni mara chache sana hupunguza ulinzi wa mwili, ukungu ukaota. Lakini wewe umeifanya soda! Iache kwanza. Damu pia tutapima, tusikisie."

Nilingoja majibu kwenye benchi. Damu ilikuwa safi. Akanipa dawa ya kuua ukungu, akanionya kwamba nikirudi kwenye vumbi pua itaziba tena.

Mwenzangu alipopata habari alicheka sana. "Kumbe ni pua tu! Umetutisha bure, bwana." Akanimiminia chai, ila kwenye kikombe kile cha dirishani.

Utando uliisha. Kikombe hakikurudi kwa vingine.

Asubuhi niliyoondoka Thika, nisirudi tena, nilikiacha palepale. Darajani, ukungu ulikuwa umeufunika mto Chania. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeziba pua kwa kiganja.