Jezi ya Mjomba Siku ya Fainali

Juzi nilikwama kwenye robot, taa za barabarani, pale Pinetown, nikageuza shingo, nikaona maghala mahali palipokuwa na uwanja wetu. Nikacheka peke yangu, kicheko kichungu. Mwenzangu, hapo ndipo nilipojifunza kumchukia mtu, na nilikuwa darasa la tano tu.

Miaka hiyo ya mwisho ya tisini tulipanga vyumba viwili Glenwood, hapa Durban: Mama, mdogo wake na mimi. Tulikuwa tumetoka Kongo. Mjomba alisukuma mkokoteni sokoni Warwick, akibeba magunia ya viazi na kabichi za wachuuzi tangu alfajiri. Huko hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa kwerekwere tu, neno lao la kututukana sisi wageni, kana kwamba hakuzaliwa na mtu. Siku moja kocha wa raga akamwona akipandisha mkokoteni mlimani, akamwalika mazoezini.

Ilikuwa raga ya watu kumi na watatu, ligi ndogo ya vilabu vya mitaani na vya miji ya jirani: wanafunzi, makanika, watu wa viwandani. Mama alishangaa mno. "Mchezo gani huu? Mtu anataka kwenda mbele, mpira anautupa nyuma!" Lakini Jumamosi za msimu ule, acha kabisa! Mashabiki walipiga kelele jina la Mjomba, hata wale walioshindwa kulitamka. Jioni Mama aliloweka jezi yake kwenye beseni, akafikicha tope kwa sabuni ya mche, na nyumba nzima ikanuka majani na jasho. Mjomba alikuwa akimwambia, "Dada, hapa ni inchi ya watu. Ile jezi ndiyo iko nyumba yangu." Klabu ikaingia fainali, na yeye hakuomba kingine duniani ila kucheza siku ile.

Ijumaa, siku moja kabla, kocha akaja kwetu, Mjomba akiwa bado sokoni. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na akishakula ni aibu kumchimba. Mama akasonga bugali, akampakulia kuku, paja zima. Kocha akala, akasifu, akanawa. Ndipo akasema ameifuata jezi, eti zote zinashonwa nembo mpya kwa ajili ya fainali. Mama akaipiga pasi upya, akaikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akamfungia na kuku aliyebaki. Mjomba aliporudi na kuambiwa habari ya nembo, alifurahi kama mtoto.

Kesho yake tukapanda taksi hadi Pinetown na sufuria kubwa la chakula cha timu. Mjomba akavaa viatu vyake, akasimama kando ya uwanja akingoja jezi. Timu ikatoka. Jezi yake ilikuwa mwilini mwa mtu mwingine, jibaba fulani aliyeazimwa kutoka klabu kubwa ya mjini. Nembo ilikuwa ile ile ya zamani. Mjomba akamfuata kocha, na kocha hata hakumtazama. "Msimu ujao, rafiki," akasema, akamtwisha chupa za maji awapelekee wachezaji.

Na akazipeleka! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila mchezo uliposimama Mjomba alikimbia na maji, akamnywesha hata yule jibaba. Nilitaka azimwage. Nilitaka apige mtu.

Tulishinda. Watu wakarukaruka, wakapiga picha, kocha akampungia Mama mkono alete sufuria. Mama akalifunga upya kwa kitenge, akajitwika. "Twende," akaniambia. Mjomba akabaki nyuma akiokota chupa.

Kwake huo msimu ujao haukuja. Ligi yenyewe ilikufa, vilabu vikatawanyika, uwanjani wakajenga maghala. Mjomba alibaki na mkokoteni wake, na wakimwita kwerekwere aliitika. Na Mama yangu, aliyesifiwa na Wakongo wote wa Durban kwa mkono wazi? Siku hizi mgeni akipiga hodi, hafungui. Anasimama nyuma ya mlango na kuuliza, "Umekuja kuchukua nini?"