Sombe ya Serikali

Kwetu Burungu, huku Masisi, sombe haiombwi. Mama akipita kando ya shamba lako la muhogo jioni, anachuma majani ya kutosha chungu chake, anakusalimia, anaenda. Anayemzuia tunamsema mpaka kaburini. Mimi nimezeeka ndani ya desturi hiyo, na msimu ule njo nikawa muntu wa kwanza wa kilima chetu kusimama na fimbo mbele ya majani.

Sababu ilikuwa binti yangu. Mimi masomo niliacha darasa la tatu, nikachunga ng'ombe za watu kule Kirolirwe mpaka nikanunua shamba langu mwenyewe. Sioni haya. Lakini yeye alifika chuo kikuu Goma, akasoma kilimo, na alipokaribia kumaliza serikali ikampa pesa ya utafiti. Nusu kwanza. Nusu ya pili ingetoka baada ya mkubwa mmoja kuja kuangalia kazi kwa macho yake. Bila hiyo nusu, kumaliza hakuna. Mifuko yangu masomo yalikuwa yameishaikausha.

Alipanda nyuma ya nyumba yangu muhogo mpya, usioshikwa na ule ugonjwa unaokunja majani. Akaniambia, "Papa, usiache muntu achume hata jani moja. Muti yenye imechumwa inatoa muhogo kidogo. Mkubwa atafikiri mbegu njo mbaya."

"Hata mama yako?"

"Hata mama. Hata wewe."

Yeye akarudi Goma, mimi nikabaki na majirani. Wamama wakaanza kuniita Papa Sombe. Mmoja alisimama njiani akaniuliza, "Papa, leo majani yameamkaje? Yameisha kunywa chai?" Sikucheka. Nilikuwa ninalala vibaya. Mvua ikikawia naogopa, ikipiga sana naogopa, simu ikilia nafikiri serikali imerudisha mkono wake. Ng'ombe za watu hazikunitesa hivyo. Ng'ombe akipotea unafuata nyayo. Pesa ya serikali utaifuata wapi?

Mkubwa akiwa karibu kufika, dada yangu mkubwa akaingia kutoka Ntoto na wajukuu, miguu imevimba. Kule kulikuwa kumeharibika tena kwa vita. Katika vitu vyake vyote alikuwa ameokoa chupa moja ya mawese. Tukawapa chumba, na kesho yake mimi na mama watoto tukashuka soko la Kitchanga kutafuta unga na maharagi ya kutosha wote. Habari ya shamba hakuna aliyemwambia. Muntu amefika na machozi, utaanzaje kumweleza majani?

Tukiwa tunarudi, tunapanda kilima, nikasikia mchi. Mlio wa sombe ndani ya kinu haufanani na mwingine, ni mzito, una majimaji. Ulikuwa unatoka kwangu. Mama watoto akanishika mkono. "Polepole. Ni dada yako."

Dada alinipokea akicheka, mara ya kwanza tangu afike. "Mudogo wangu, umetupokea vizuri. Leo mimi njo nakupikia." Nyuma yake, mstari wa kwanza wa muhogo ulikuwa umebaki vijiti.

Akaniwekea sahani. Mawese yake ya Ntoto yote aliyamimina humo. Sombe ilikuwa nzuri, na kila tonge lilishuka kama jiwe. Nilimaliza. Ungefanya nini?

Binti yangu alifika siku moja mbele ya mkubwa kufika. Nilimngojea njiani, neno langu nimeishalitengeneza. "Ni mbuzi," nikamwambia.

Akainama kwenye mstari, akaangalia. "Papa, hii mbuzi iko na vidole?"

"Ni shangazi yako. Na mimi nilikula."

Hakulia, hakugomba. Aliingia akamsalimia shangazi yake kwa heshima, akaomba kitenge kikuukuu, akakipasua, akaanza kufunga kipande kwenye kila mti uliochumwa.

"Utamwonyesha?" nikauliza.

"Nitamwonyesha hivi hivi."

"Akikataa?"

"Akikataa amekataa, Papa." Lakini kitambaa cha kwanza kilimshinda kufunga.

Mkubwa alikuja na viatu vimejaa matope. Akazunguka shamba, akagusa vitambaa, akauliza, binti yangu akaeleza yote, dada anasikia. Akapiga picha. Hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Tukamwekea mezani bugali, maharagi, kuku. Akaangalia sahani moja moja.

"Niko Masisi na sombe hakuna?"

Dada yangu akanitangulia. "Sombe iko kwa shamba ya serikali, Papa. Ile ya vitambaa nilishaipika. Umechelewa."

Mkubwa alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi na binti yangu hatukucheka, tulikuwa tunaangalia mdomo wake. Mwishowe akamwambia binti, "Yenye vitambaa, mwache huyu mama aendelee kuchuma kama kawaida yenu. Nyingine msiguse. Siku ya kung'oa tutapima zote, tuone."

"Na nusu ya pili?" nikauliza. Mimi sijui kuzungusha maneno.

"Mzee, mimi natumwa tu. Nitasema nilichoona. Kutoa pesa, hiyo ni Kinshasa."

Akaenda. Sasa jioni dada anapita na kikapu kwenye vitambaa vyake, na mimi ninasimama na fimbo kwenye mistari mingine. Simu naiweka juu ya jiwe moja kando ya shamba, pale mtandao unashika. Wamama wanapita, wanaangalia jiwe, wananiangalia mimi. Utani wa majani kunywa chai wameuacha.

"Bado, Papa?"

"Bado."