Bibi Agoma Kupigwa Picha Akikuna Nazi

Bibi yangu leo kamgomea mpiga picha wa watu.

Dada mwenyewe anazunguka dunia akipiga picha za maisha ya wanawake. Kafika kwetu Temeke, kamkuta bibi yuko kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo bibi. Endelea tu hivyohivyo."

Bibi kaweka nazi chini.

"Marahaba. Enzi za Ujamaa alikuja mwenzio kijijini, akatushikisha majembe, eti tucheke. Leo nipige nimekaa kitini, sifanyi kazi."

Nikajua dada atanuna. Wapi. Kaenda kumletea kiti mwenyewe.

Bibi kavaa khanga mpya, redio mapajani.

Na nazi je?

Picha hiyo hapo nimepiga mie, semeni nyie. Anayekuna nazi kule nyuma ndo mpiga picha.

Bibi anamwambia, "Endelea tu hivyohivyo, mwanangu."