Siku Tausi Alipotolewa Kizazi

Leo nasimulia huku nacheka, lakini msidhani aibu imeisha, maana mpaka sasa ukifika mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukanitaja jina, utaulizwa kwanza, "Yule wa mbwa?"

Tausi ni mbwa wetu pale Gungu, na watoto wake nimewagawa mpaka marafiki wakaanza kunikwepa, ndipo mke wangu Neema akasema apelekwe kwa daktari wa mifugo akatolewe kizazi. Daktari alinieleza yote: atayumba kwa dawa, atalialia, chakula atakikataa siku ya kwanza, asiruke, asioge, na zaidi ya yote asirambe mshono. "Mvishe hii," akanionyesha kola ya plastiki pana kama beseni. Nikauliza bei, nikaomba ipungue, akakataa, nikamwambia ulimi wa mbwa nitaulinda mwenyewe (mimi sinunui kitu kabla sijajiridhisha kwamba nyumbani hakitengenezeki).

Kumbe kulinda ulimi ni kazi ya kutwa. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kupokea dagaa, na Neema alikuwa ameshaondoka kwenda shambani Mwandiga, ikabidi nimpigie Mama Zuhura, mshirika wangu wa biashara. Ningesema mbwa, angenicheka mpaka Idi. Nikasema nauguza.

"Nani, Neema?"

"Mm."

"Ana nini?"

"Katolewa kizazi." (Sijui kwa nini sikusema malaria. Ndilo jibu lililokuwa karibu.)

Mama Zuhura akasema taratibu, "Pole sana, baba. Tunakuja."

Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Mimi na Neema tuna miaka mitatu ya ndoa na mtoto bado, mwalo mzima unajua, na kila mama pale ana mizizi yake ya kutushauri. Nikapiga tena, haipokelewi.

Walikuja akina mama tisa (niliwahesabu, nikarudia nikidhani macho yananidanganya) na chupa ya uji, maziwa na mkungu wa ndizi. Nikamfungia Tausi chumbani, nikasema mgonjwa amelala. Tausi akalia huko ndani, ule mlio mwembamba wa maumivu, na Mama Zuhura akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Daktari kasemaje?"

"Asiruke, asioge, asirambe kidonda."

"Asirambe?"

"Ndiyo utaratibu wa siku hizi."

Walikuwa bado wananitazama Neema alipoingia na kapu la mihogo kichwani. Alikuwa ameona viatu vyote vile mlangoni, akauliza kwa woga, "Nani amefariki?"

Mama Zuhura akainuka, akamshika mkono, akamminya kidogo kama anayekagua samaki. Tausi naye, kwa kusikia sauti ya mama mwenye nyumba, akabweka.

Mama Zuhura akaeleza kila kitu, neno kwa neno. Neema hakufoka, na ningefurahi kama angefoka. Alitua kapu, akakaa, akauliza, "Nani mwingine kaambiwa?"

"Mwalo wote," alisema Mama Zuhura, macho chini. "Na mama yako kule Kidahwe. Yuko njiani."

Neema akanigeukia. "Watu watanitazama tumbo mpaka lini? Kesho utapita meza kwa meza, useme mwenyewe."

Nikapita. Bibi mmoja muuza migebuka alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mkeo mzima."

"Mzima, bibi."

"Katolewa mbwa."

"Mbwa."

Akafunika samaki wake. "Basi ukimrudisha kutoa nyuzi, na wewe panda meza hiyo ya mbwa. Mwambie daktari akuangalie kichwa."

Mama mkwe alikaa wiki nzima, na uji wa wagonjwa akaunywa yeye. Neema alianza kunijibu kwa sentensi kamili mama yake alipoondoka. Nami siku hizi nikiomba ruhusa ya kuuguza, nataja kwanza mgonjwa ana miguu mingapi.